Punda Wanne na Chuo cha Jioni



Farasi hawadumu huku Bagamoyo. Mbung'o wa maporini, kama ya kuelekea Saadani, huwaambukiza nagana wakafa. Kwa hiyo sisi twafuga punda. Nami nalikuwa na mmoja wa kuchukulia maji. Akaja wa pili wa kubeba mchanga, kisha wa tatu na wa nne, na kila mmoja nalimwita riziki. Lakini punda wataka majani, maji, kusafishwa kwato na kuoshwa vidonda vya mgongo, nao hawajui Ijumaa. Nikawa nafika chuoni jua lakaribia kuzama, watoto wamekwisha kufunga juzuu zao. Jioni moja mdogo wao akaniuliza kwa adabu, "Maalim, leo punda hawajambo?" Nikakosa jawabu.

Usiku ule nikafungua Surat Sad, aya ya 31 hata ya 33. Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, alionyeshwa farasi wa fahari wakati wa jioni, na wafasiri wengi wasema walimshughulisha hata Sala ya Alasiri ikampita. Yeye mfalme, mimi mwenye banda la makuti!

Nikauza watatu, kwa mtu mwenye malisho na vijana wa kuwatunza, maana mnyama naye ana haki yake. Mama watoto hakuridhika, na alikuwa na hoja: fedha ya mchanga ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya binti yetu. Basi tumepunguza kitoweo. Na chuo sasa chafunguliwa mara baada ya Alasiri. Yule mdogo amefika Surat Yasin.