Kabla hujachimba sarafu, jua unachofukua

Unaijua ile mashine ambayo soja hukupitishia kiunoni mlangoni pa supamaketi, ikalia kwa sababu ya funguo zako? Ina ndugu yake mwenye mkono mrefu, anayepitishwa juu ya ardhi. Video za watu wa Uingereza wakifukua sarafu za kale kwa mashine hiyo zimejaa mtandaoni, na huenda ushaanza kupiga hesabu: mbona nami nisijaribu Old Town, Malindi au Lamu?

Hamu hiyo si mbaya. Mji wa Mombasa uliwahi kuwa na sarafu zenye jina lake, zilizotolewa na kampuni ya Waingereza mwaka wa 1888. Kabla ya shilingi kuanza mwaka wa 1921, watu hapa walilipana kwa rupia. Kisha kuna zile senti zenye tundu katikati ambazo nyanya zetu walizifunga kwa uzi. Bila shaka nyingine bado zimelala mchangani.

Lakini tuambiane ukweli. Sheria ya mwaka wa 2006 ya makavazi na turathi haikuruhusu kuchimbua vitu vya kale bila leseni. Ukikipata kwa bahati tu, una siku saba za kuarifu Makavazi ya Kitaifa na kueleza ulikipata wapi na vipi. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale kisheria. Kukiokota hakukufanyi uwe mwenyewe. Hata hao wa kwenye video huomba ruhusa ya mwenye shamba, na wakipata hazina wana siku 14 za kuripoti.

Utasema, "Sheria tu hizo, mimi nasaka chapaa." Basi fikiria hili. Mwaka wa 2013, watafiti wakiongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda sarafu ya China ya enzi za mfalme Yongle, yenye miaka takriban 600. Habari ikazunguka dunia. Kwa nini? Kwa sababu ilipatikana Manda, ikachimbuliwa na watu walioandika ilikolala na ilikuwa na nini kando yake. Sarafu hiyo hiyo ingeuzwa kichochoroni, ingekuwa kipande cha chuma chenye tundu. Dalali angekupa pesa ya chipsi, nasi tungepoteza ukurasa mzima wa historia yetu.

Makavazi nayo yana kazi ya kufanya. Kijana anayeleta alichookota asipokelewe kama mshukiwa. Apewe asante, na jina lake liandikwe kando ya kitu hicho. La sivyo, dalali ataendelea kuwa rafiki yake wa karibu.

Nawe anza na yanayowezekana. Muulize nyanya yako kuhusu kile kikopo cha sarafu kilichoko chini ya kitanda. Usizisugue kwa mchanga wala stilwaya, utazifuta maandishi na thamani yake. Nenda Fort Jesus ukaone vilivyochimbuliwa. Na ukikanyaga sarafu njiani siku moja, piga picha papo hapo ilipo kabla ya kuigusa, kisha uwaarifu wahusika. Ukishaing'oa na kuitia mfukoni, hadithi yake imekatika, na hakuna mashine itakayoitafuta tena.