Wembe Wenye Pengo Usitupwe

Mwana akililia wembe, mpe. Methali hii tunaikariri darasani kila muhula. Lakini hebu niwaulize, wanafunzi wenzangu: wembe wenyewe ukianguka sakafuni na kupata pengo, tufanye nini? Wengi watajibu mbio mbio, "Tupa, nunua mwingine!" Mimi napinga. Kwa maoni yangu wembe wa kukunja ulioharibika makali aghalabu huweza kuponywa, na ni aibu kubwa ujuzi huo utupotee ilhali unadai jiwe, maji na subira tu.

Nasema juu ya wembe ule mrefu unaojikunja ndani ya mpini wake, ambao wazee wetu waliutumia kunyolea ndevu. Nyembe nyingi za aina hiyo ziliundwa Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Siuzungumzii wembe mwembamba wa dukani. Huo uliundwa ili utupwe. King Camp Gillette alipata hataza yake huko Marekani mwaka wa 1904, na tangu hapo watu wakazoea kutupa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda!

Likizo ya Agosti, ami yangu alikuwa tayari kuutumbukiza wembe wa babu katika choo cha shimo. Ulikuwa umeshika kutu kidogo na makali yake yalikuwa na mapengo mawili. Babu mwenyewe alikuwa ameacha kujinyoa, akawa anangoja mtu wa kumnyoa kama mtoto. Nikauomba. Jioni nne nilizokaa na wembe huo, ami akiwa kando yangu, ndizo zilizonipa maoni haya.

Kwanza, tutofautishe pengo na ufa. Pengo ni mahali makali yalipomeguka. Ufa ni mstari mwembamba unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongo wa wembe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa wembe hauzibiki asilani. Wembe wa namna hiyo uweke kama ukumbusho, usiupeleke karibu na shavu la mtu. Pengo nalo halijazwi. Chuma cha kandokando ndicho kinachosagwa polepole mpaka makali yote yawe sawa.

Pili, tuache pupa. Nimewahi kuona wembe uliopelekwa sokoni kwa mnoa visu mwenye gurudumu la baiskeli. Cheche ziliruka, makali yakageuka rangi ya buluu. Simlaumu, maana kazi yake ni mapanga na visu vya jikoni. Lakini makali ya wembe ni membamba mno, hushika moto mara moja. Chuma kikifikia rangi hiyo ya buluu, yapata nyuzi 300 za selsiasi, ugumu wake umekwisha kupungua. Ukikinoa leo, kesho ni butu tena.

Njia salama ni jiwe bapa la namba 1000 lililoloweshwa maji. Laza wembe kabisa, mgongo na makali yote yaguse jiwe. Hapo ndipo nilipostaajabia akili ya waliouunda. Kisu cha jikoni lazima ukikadirie mwinamo kwa mkono, lakini unene wa mgongo wa wembe hukupimia wenyewe. Utepe wa mafundi wa umeme ukibandikwa juu ya mgongo huuzuia usilike. Sukuma makali yakitangulia, bila kukandamiza, mara sawasawa kila upande. Kisha elekeza makali kwenye mwanga: palipo butu hung'aa kama uzi mweupe, palipo pakali hapang'ai. Pengo likiisha, ingia jiwe la namba 3000, halafu 8000, kwa maana namba ikipanda chembe za jiwe huwa ndogo na mikwaruzo hupungua. Mwisho ni ukanda wa ngozi, yapata mara 50, safari hii mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali, utaukata ukanda na kuyaharibu makali yenyewe.

Najua kuna watakaonipinga. "Wembe wa duka ni shilingi chache tu. Na je, Ukimwi?" Hoja ya Ukimwi ni nzito wala siipuuzi. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini huweza kuenezwa na wembe unaotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwa hivyo natamka wazi: wembe huu ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Wa babu ni wa babu, mimi siutii shavuni mwangu hata kidogo. Kinyozi naye afungue wembe mpya kwa kila mteja. Ama hizo shilingi chache, jamani, zihesabuni wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Tena nyembe zilizotupwa huishia wapi? Jalalani, ambako watoto huzikanyaga.

Sisemi tulete nyembe shuleni, la hasha. Kanuni ni kanuni. Nasema jiwe la kunolea liwekwe katika karakana yetu, na walimu watufundishe kulitumia kwa patasi, randa na visu vya jikoni. Anayejua kurudisha makali ya patasi hatashindwa na wembe wa babu yake.

Tena jambo hili linatuhusu sisi wanachama wa Kiswahili hasa. Wahenga walinena, "Kinolewacho hupata." Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba kisu "kupata" maana yake ni kuwa kikali? Tukiacha kunoa, maneno ya kazi hiyo nayo yataota kutu vinywani mwetu. Babu yangu sasa anajinyoa mwenyewe kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na ami amekoma kuniuliza kwa nini nilihangaika na kipande cha chuma kikuukuu.