TAA KUWAKA SI USHAHIDI

Nyumba inapomalizika kufungwa nyaya za umeme, desturi iliyozoeleka ni moja. Fundi hubonyeza swichi, taa huwaka, mwenye nyumba hufurahi na malipo hutolewa. Pengine fundi huchomeka testa ndani ya soketi, kitaa chake kikang'aa, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kisayansi, ushahidi huo ni mdogo mno. Taa inayowaka huthibitisha jambo moja tu, kwamba mkondo unapita katika njia yake. Haielezi lolote juu ya njia nyingine ambazo mkondo huo waweza kuzifuata siku kitu kitakapoharibika.

Hapo ndipo ilipo thamani ya hati ya ukaguzi. Wananchi wengi huiona kuwa ni karatasi ya kumridhisha ofisa ili nyumba iunganishwe. Ukweli ni kwamba hati iliyojazwa ipasavyo ni kumbukumbu ya vipimo: nini kilipimwa, kwa chombo gani, tarakimu gani ilipatikana, na nani aliyetia sahihi na kukubali kuwajibika. Hati isiyo na tarakimu hata moja haina tofauti kubwa na risiti ya duka.

Yafaa kuanza na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Siku za kawaida waya huu hauna kazi, na nyumba yaweza kukaa miaka 10 bila huo huku taa zote zikiwaka. Kazi yake huanza siku waya wenye umeme unapogusa ganda la chuma la jokofu au la pasi. Wengi huamini kwamba fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba inatosha kuwalinda. Kanuni ya Ohm, inayofundishwa katika kila shule ya sekondari, yatoa jibu jingine. Ikiwa ardhi ni kavu, na ukinzani wa njia ya kupitia fimbo hiyo ni omu 100, volti 230 zitasukuma ampea 2.3 tu. Fyuzi ya ampea 20 haitakatika, kwa maana kwake huo ni mzigo mwepesi. Ganda la jokofu litabaki na umeme, na wati 529 zitapotelea ardhini. Kwa siku nzima, hizo ni karibu uniti 13 zinazolipiwa bure. Mtu atakayeligusa akiwa peku juu ya sakafu yenye maji aweza kupitisha mwilini zaidi ya miliampea 100, ilhali hata miliampea 30 zikidumu zaweza kuhatarisha moyo.

Kinga yake yajulikana. Ni swichi inayolinganisha mkondo unaokwenda na ule unaorudi, na kukata umeme tofauti yake inapofikia miliampea 30. Lakini swichi hiyo nayo yaweza kuharibika bila dalili yoyote ya nje. Kwa sababu hiyo hupimwa kwa chombo maalumu, na muda inaotumia kukata huandikwa. Kwa swichi ya kawaida haupaswi kuzidi milisekunde 300.

Kadhalika kuna ganda la plastiki linalozihami nyaya. Waya uliochubuliwa wakati wa kuvutwa ndani ya bomba, kisha ukafunikwa kwa lipu, hauonekani tena kwa jicho. Hapo wahenga wangesema, kikulacho ki nguoni mwako. Kanuni za Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme, iliyoundwa mwaka 1906, zataka nyaya za nyumba ya kawaida zipimwe kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na ukinzani wa kihami usipungue megaomu 1. Viungo navyo vyahitaji kupimwa. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 8.7, kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu omu tu kitatoa joto la wati 38 mahali padogo kuliko kidole. Hilo ni joto la chuma anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi, na hapa limefichwa ndani ya ukuta au karibu na mbao za dari.

Nchini Tanzania jambo hili halikuachwa kwa hiari ya mtu. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutoa leseni kwa wanaofunga mifumo ya umeme, kwa madaraja yanayotofautiana. Hata hivyo, hutokea kazi ikafanywa na mtu mmoja, na karatasi ikatiwa sahihi na mwingine mwenye leseni ambaye hakukanyaga nyumba hiyo. Sahihi ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa hati kabisa, maana humpa mwenye nyumba imani isiyo na msingi. Aidha, nyumba nyingi hukaguliwa mara moja tu, wakati wa kuunganishwa. Vyumba vya uani na pampu ya maji huongezwa baadaye bila kipimo chochote.

Yasemwa kwamba fundi mwenye leseni ni ghali, na kwamba wapo mafundi wa mtaani wenye ujuzi mkubwa. Yote mawili yaweza kuwa kweli. Lakini ujuzi usiopimwa haumlindi mtoto atakayegusa jokofu. Fundi hodari asiye na leseni asaidiwe kuipata kwa kufungua njia ya kupimwa ujuzi wake kwa gharama anayoimudu. Asiachwe akifanya kazi kwa kukodi sahihi ya mwenzake.

Shule nazo zina wajibu. Mwanafunzi anayeweza kukokotoa ukinzani wa saketi ubaoni hashindwi kusoma hati ya ukaguzi. Mwalimu wa fizikia aweza kuanza na hati ya majengo ya shule yake: awaulize wanafunzi kama ina tarakimu, kama tarakimu hizo zapatana na kanuni, na kama zilipimwa kabla au baada ya maabara kuongezewa soketi. Kufungua kisanduku cha umeme si kazi ya mwanafunzi; kuisoma hati ni haki yake. Na mwanafunzi huyo, akirudi nyumbani ambako nyaya zafungwa, amshauri mzazi wake asitoe malipo ya mwisho mpaka fundi atakapoonyesha leseni, apime mbele yao, na kuandika alichokipata.