MASTAA WA BONGO, DAKTARI WA MENO SIO POLISI! SEMENI UKWELI KABLA HAMJACHONGWA

Wiki nzima hii Insta ya Bongo imekuwa na kazi moja tu: kumtukana daktari wa meno. Kisa ni mwigizaji mmoja wa kike, jina kapuni, aliyejirekodi akilia huku vinia zake mbili za mbele zimebanduka, akasema kliniki iliyomtengeneza ni ya matapeli. Mashabiki hawakuuliza hata swali moja, wakavamia ukurasa wa kliniki kama nyuki waliopigwa jiwe.

Swali lilikuwepo, tena rahisi. Huyo dada alimwambia nini daktari siku ya kwanza? Maana waliowahi kulala naye chumba kimoja wakati wa kushuti wanajua anavyosaga meno usingizini, mtu unaweza kudhani kuna panya anatafuna kabati. Alipoulizwa pale kwenye kiti akasema hana tabia hiyo. Aliona aibu. Na vinia ni kipande chembamba tu cha kauri kinachogandishwa mbele ya jino, hakiwezi kushindana na mtu anayesaga usiku kucha. Angesema kweli, angetengenezewa ile kinga ya plastiki ya kulalia, au angeambiwa wazi kwamba hiyo kitu kwake haifai. Sasa mamilioni yamekwenda na lawama kabebeshwa mwingine.

Wala hayuko peke yake. Kuna staa wa Bongo Fleva anayejiita mtoto wa Masaki wakati kakulia Arusha, na meno yake yanasema alikotoka. Jamani, hiyo sio dhambi! Maji ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara sehemu nyingi yana floraidi kibao kwa sababu ya miamba ya volkano, wakati WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayanywa jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, likiota linatoka na alama yake. Sio uchafu, na hakuna mswaki wa kuitoa. Lakini kaka akamwambia daktari eti ni mambo ya sigara na kahawa, akataka blichi. Akapigwa blichi. Yale mabaka meupe yakazidi kuonekana, kahawia ikabaki palepale, tabasamu likawa na madoa kama kanga wa porini.

Ila hapo na daktari abebe mzigo wake. Daktari gani wa Tanzania asiyeyajua meno ya Arusha? Aliona, akanyamaza, akachukua hela.

Mastaa wana utetezi wao, kwamba wakisema kweli siri zinavuja. Na kweli zinavuja. Dada mmoja mtangazaji alificha mimba changa kwenye kliniki kwa kuogopa ingefika mitandaoni kabla ya jioni, wakati mjamzito anatakiwa kuahirisha mambo ya blichi hadi ajifungue, na hata picha ya eksirei daktari anataka ajue kwanza. Dawa ya kliniki yenye mhudumu mwenye simu mkononi muda wote ni kuondoka. Ukikaa pale halafu ukadanganya, anayeumia ni wewe na mtoto wako.

Kubwa kuliko yote ni hawa wanaokimbilia Uturuki na vifurushi vya hoteli na meno. Mtu anaondoka akisema anaenda kuweka vinia, anarudi na kofia za meno, na hajui tofauti mpaka leo! Tofauti yake ni hii. Kwa vinia jino hukwanguliwa kidogo upande wa mbele. Kwa kofia linachongwa pande zote mpaka linabaki kijiti. Lile ganda gumu la juu likishaondoka halioti tena, na kofia yenyewe haidumu milele, kwa hiyo binti wa miaka 23 mwenye meno mazima kajiandikisha kubadilisha kofia maisha yake yote. Hakuuliza atachongwa kiasi gani. Hakuuliza ikipasuka akiwa Dar nani atalipa. Aliuliza kama kuna usafiri wa kutoka eapoti.

Halafu kuna wale wa bure, wanaotengenezwa meno kwa makubaliano ya kuposti. Hao ndio ugonjwa wenyewe. Staa hathubutu kuuliza kitu kwa sababu hajalipa, daktari hathubutu kumwambia "meno yako mazima, nenda nyumbani" kwa sababu anataka wale wafuasi wake. Wote wawili wanatabasamu mbele ya kamera, na binti wa Mbagala anayeangalia anaanza kucheza mchezo wa pesa na wenzake ili naye akachongwe. Picha ya kabla anaonyeshwa, ya baada anaonyeshwa. Ile ya katikati, ya vijiti kabla havijavikwa kofia, haijawahi kupostiwa na yeyote kati yao.