Deni la Mwenye Ghorofa Alipe Nani?

Wako wasemao barazani kwamba mtu akishindwa na mkopo wa nyumba, serikali imlipie. Imlipie kwa mali ya nani? Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972, ilikufa mwaka 1995, na madeni yasiyolipwa yalikuwa miongoni mwa yaliyoiua. Na ile ilikuwa mali ya umma. Wamarekani nao, serikali yao ilipotenga dola bilioni 75 mwaka 2009 kwa waliolemewa na mikopo ya nyumba, wengi walipiga kelele, na katika hili walisema haki.

Hapa Lyamkena mjane hujenga vyumba viwili kwa matofali ya kuchoma, mwaka baada ya mwaka, asikope hata senti. Akinunua sabuni, kodi imo ndani ya bei. Kwa sharia gani kodi hiyo imlipie mwenye ghorofa, tena pamoja na riba?

Mtasema: wenye madeni wamo katika wanaopewa zaka. Naam, wamo, lakini ni yule asiye na cha kulipia, si mwenye nyumba ya kuuza. Na Suratul Baqara, aya ya 280, imemtaka anayedai amngojee mdaiwa aliyedhikika, jirani hakutajwa. Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni la maiti ili Mtume (s.a.w.) amsalie, alilibeba yeye mwenyewe, hakuwatoza wenziwe.