Wanjiku wawili si nakala

Wasee, leo nimekuja na hasira kidogo. Najua binamu yangu mmoja ataisoma hii akiwa Texas na pengine atanitoa kwa grupu ya familia. Sawa tu. Nilimpigia simu kwanza, tukaongea kama watu wazima, akaniambia natia chumvi. Basi wacha niitie hadharani.

Kama familia yenu bado haijaingia kwenye hii mambo ya mti wa ukoo mtandaoni, ngojeni tu, inakuja. Inaenda hivi: mtu mmoja anafungua mti, anaweka jina lake, wazazi wake, guka na shosho, halafu anatuma linki kwa grupu. Kila mtu anaongeza anachojua. FamilySearch, WikiTree, Geni, zote zina wazo hilo: tujenge mti mmoja wa pamoja, na kila mtu aliyewahi kuishi awe na ukurasa mmoja pekee. Wazo poa sana, sina ubaya nalo. Shida inaanza mtu mmoja anapoandikwa mara mbili na ndugu wawili tofauti. Hapo programu inakuonyesha alama: huyu na huyu huenda ni mtu mmoja, unataka kuwaunganisha? Na kuna watu wakiona hiyo alama, kidole kinawawasha.

Binamu ni mmoja wao. Usiku mmoja alikaa akaunganisha kurasa 14, halafu akaandika kwa grupu: "Nimesafisha mti, karibuni." Tukamwagia emoji za makofi. Hata mimi nilipiga, na hiyo inaniuma.

Wiki mbili baadaye nilienda Nyeri kumwona shosho. Macho yake hayaoni tena maandishi ya simu, kwa hivyo huwa namsomea. Anapenda kusikia majina ya watu wake. Nikafika kwa Wanjiku, nikasoma: alizaliwa karibu 1938, akaolewa, akapata watoto saba, akaaga 1998. Shosho akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyo ni Wanjiku wa baba mkubwa. Sasa dada yangu yuko wapi?"

Nikatafuta. Hakuwepo.

Kama wewe si Mkikuyu, nipe dakika moja. Kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba yake. Wa pili anaitwa jina la mama ya mama yake. Sasa piga hesabu: ndugu watatu wa tumbo moja wakioa, kila mmoja akapata msichana wa kwanza, hao wasichana wote wataitwa jina la nyanya yao mmoja. Kina Wanjiku watatu, kijiji kimoja, wamepishana miaka miwili mitatu. Programu inaona nini? Jina sawa, mahali sawa, mwaka wa kukisia unaokaribiana. Inasema: nakala hizo. Lakini sisi tunajua huo ndio utaratibu wetu ukifanya kazi vizuri kabisa. Jina linarudiwa makusudi ili mzee asipotee.

Binamu hakuishia hapo. Baba za hao wasichana tulikuwa tumewaandika vibaya, nakubali. Mmoja alikuwa na jina la ubatizo tu, mwingine na jina la Kikuyu tu. Binamu akaamua huyo ni mzee mmoja mwenye majina mawili. Akawaunganisha. Ukiunganisha wazazi, watoto wanavutwa wote chini ya mtu mmoja. Ghafla baba yake shosho akawa na wake wawili na watoto 11, na Wanjiku wawili wanaofanana wamekaa pamoja kwa mstari mmoja. Ukiwaona hivyo, hata wewe ungesema hii ni nakala. Akabonyeza tena. Kosa la kwanza likageuka ushahidi wa kosa la pili.

Nilifungua historia ya mabadiliko kuona aliandika sababu gani. Sababu ilikuwa maneno mawili: "Majina sawa."

Sasa wacha niwaambie huyo aliyefutwa alikuwa nani. Alikuwa dada mkubwa wa shosho. Mwaka wa 1954 serikali ya mkoloni ilianza kuhamisha watu wa Mkoa wa Kati kwa nguvu na kuwaweka kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa. Familia yetu ilikuwa humo. Wanjiku aliugua homa ndani ya kijiji na akafa akiwa hajafika miaka 20. Hakuolewa, hakuzaa. Shosho alikuwa mdogo, hajui hata alizikwa upande gani.

Sasa niambie, huyo msichana angepatikana wapi kwingine? Kipande cha mkoloni, kile cha kuanzia 1920, kilikuwa cha wanaume. Kwa hivyo guka zetu wengi walau waliacha alama kwenye karatasi za mzungu, hata kama ni kwa njia ya kuwadhalilisha. Msichana wa kijijini hakuwa na kipande. Sisi hatuna picha yake, hatuna cheti chake, na hana mtoto wa kumtaja. Alikuwa na kitu kimoja: ukurasa wenye mistari minne niliyoandika mimi, maneno ya shosho, nimekaa jikoni kwake. Binamu alipounganisha, alichagua kubakisha upande "uliojaa zaidi". Ule mstari wa "hakupata watoto" akautoa kwa sababu uligongana na watoto saba wa yule mwingine.

Msimamo wangu ndio huu, na siutoi: nakala kwenye mti ni uchafu, lakini kuunganisha watu wawili tofauti ni kuzika mtu mara ya pili. Hizi mbili haziko kwa mizani moja. Mtu akiandikwa mara mbili, taarifa zake zote bado zipo, zimetawanyika tu, na kesho mwenye kujua atazikusanya. Watu wawili wakifanywa mmoja, anayekuja kesho haoni pengo lolote. Anaona ukurasa mmoja safi na anaendelea na maisha yake.

Binamu aliniambia, "Bana, si unaweza kurudisha?" Kweli, nilirudisha. Ilinichukua jioni tatu. Mara nyingi mti hutunza historia, lakini watu wakishaongeza mambo mapya juu ya kosa, hakuna kitufe kimoja cha kurudisha yote. Unamfufua aliyefutwa, unamtafutia wazazi wake, unahamisha mtoto mmoja mmoja. Na nilirudisha kwa sababu moja tu: shosho yuko hai na aliuliza. Asingekuwepo, nani angeuliza dada yake yuko wapi? Mimi? Mimi nilipiga makofi.

Na msidhani hii ni shida ya Wakikuyu peke yetu. Wajaluo, kina Otieno waliozaliwa usiku na kina Achieng waliozaliwa jua likiwaka ni wangapi kwa boma moja? Watu wa Pwani, mjukuu akipewa jina la babu, mnapata Salim bin Said bin Salim bin Said, na programu inakwambia guka na mjukuu ni mtu mmoja mwenye tarehe mbaya. Halafu wazee wetu wengi mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia. Ukitoa tarehe, ukatoa karatasi, kinachobaki ni jina, na jina ndilo kitu tunachogawana zaidi.

Najua kuna mtu anasema, kwa hivyo tuache mti ujae takataka? Hapana. Guka wangu mwenyewe alikuwa mara nne kwenye mti: kwa jina la ubatizo, kwa jina la kimila, kwa herufi zilizokosewa, na mara moja bila jina la baba. Nilimuunganisha mimi mwenyewe, kwa sababu mke alikuwa yuleyule, watoto walewale kwa mpangilio uleule, na shamba lilelile. Na nilifurahi sana, maana kumbe upande wa watoto wa dada yake walikuwa wanamtafuta kutoka huko kwao. Kuunganisha vizuri ndiyo raha ya hii kazi.

Lakini fanya kazi, usibonyeze tu. Jina liwe la mwisho kuangaliwa. Anza na mama: huyu alizaliwa nyumba ya nani? Angalia watoto na waliooana. Uliza rika: ukiambiwa mzee ni wa Anake a Forty, unajua alitahiriwa karibu 1940, kwa hivyo hawezi kuwa yule wa jina hilo aliyekuwa na wajukuu wakati huo. Sikiliza lugha ya nyumbani pia, kwa sababu shosho akimwita kijana wake "baba", pengine anaheshimu jina la baba yake alilobeba. Usiandike hiyo kama ukoo. Ukigundua ni watu wawili, usinyamaze. Weka alama kwamba si mtu mmoja na uandike kwa nini, ili mwenye kidole kinachowasha akija usiku akutane na maelezo. Ukiunganisha, andika sababu ya mtu mzima. "Majina sawa" si sababu.

Na kama hujui, acha. Hakuna mtu amekufa kwa kuona kurasa mbili.

Binamu, nakupenda, na bando lako la Texas limetusaidia sana na picha za zamani. Lakini kabla ya kugusa ukurasa mwingine wa mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru, piga simu Nyeri. Shosho huamka saa kumi na moja asubuhi, kwako bado ni usiku, uko macho ukisafisha mti. Muulize. Na nyinyi wengine ambao bado mna mzee nyumbani, wikendi hii msiende na simu ya kupiga selfi tu. Msomeeni majina, polepole, mtaona anasimama wapi na kuuliza, "Na yule mwingine?"