HATI ISIYOFIKA MASJALANI NI KARATASI TU

Wananchi,

Ardhi si jambo la Muungano. Sheria tutakayoieleza leo ni ya Tanzania Bara, wala haifiki visiwani kwetu. Lakini dhuluma ya ardhi haina bahari ya kuizuia, na mkulima wa Sanje, katika bonde la Kilombero, ana somo la kumpa kila mwenye shamba, awe Bara au Visiwani. Kwa hiyo tumeona yapasa tuyaseme haya.

Sanje iko chini ya milima ya Udzungwa, katika njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Juu yake pana hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1992. Bondeni pana mashamba ya miwa, ya kiwanda cha sukari na ya wakulima wanaokiuzia miwa yao, na imepita humo reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Mlima hausogei, reli haisogei, na miwa haipungui. Bali watu wanaongezeka, na kila ekari iliyobaki inatamaniwa na wengi. Wataalamu walimtambua kima wa Sanje mwaka 1979, wakamtia katika vitabu vyao. Mkulima aliyekaa chini ya mlima ule alingoja miaka 20 zaidi kupata sheria ya kumwandika yeye.

Sheria hiyo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Inasema kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ile itolewayo na Serikali kwa wakaao mijini. Na yeyote asikilize hapa: haki hiyo haizaliwi na karatasi. Aliyerithi shamba kwa mila ana haki yake hata kabla hajaandikiwa neno moja. Basi afisa anayemwambia mkulima, "Huna hati, ondoka," anasema lisilo la sheria.

Je, kama haki ipo, hati ya nini? Jawabu wazee walikwisha kulitoa: mali bila daftari hupotea bila habari. Mpaka unaojulikana kwa mwembe na kwa kumbukumbu ya jirani hudumu maadamu mwembe umesimama na jirani yu hai. Vikitoweka viwili hivyo, ushindi huwa wa mwenye sauti kubwa au mfuko mzito.

Hati ya Hakimiliki ya Kimila hutiwa saini na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake. Mwenye shamba naye hutia saini au alama yake. Kisha afisa ardhi wa wilaya huitia saini na mhuri na kuiandikisha. Nakala huwa tatu: moja ya mwenye shamba, moja ya masjala ya kijiji, moja ya masjala ya wilaya. Hekima ya tatu hizo ni kwamba mtu akitaka kuibadili moja, mbili zilizobaki zimshitaki. Lakini nakala iliyolala mezani mwa mtu bila kuandikishwa haimshitaki yeyote. Na masjala ya kijiji isiyo na kabati wala kufuli, inayoingiwa na mvua na mchwa, ni masjala kwa jina.

Katika miaka ya 2016 hadi 2019 wapimaji walipita katika vijiji vingi vya wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, kwa msaada wa Uingereza, Sweden na Denmark. Kazi ile tunaisifu. Lakini kuandika mara moja ni nusu ya kazi. Baba akifa na shamba likagawanywa kwa watoto wanne, nani aliyekwenda kubadili daftari? Shamba likiuzwa kwa ridhaa ya halmashauri ya kijiji, jina la nani limebaki wilayani? Daftari lisilofuata mambo ya watu hugeuka kuwa shahidi wa uongo, na shahidi wa uongo mwenye mhuri ni hatari kuliko asiyekuwapo kabisa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mjane wa kijijini hawezi kupoteza siku ya palizi na nauli ya kwenda na kurudi, kisha akaambiwa arudi kesho. Twasema: afisa ardhi na awe na siku zake maalumu za kwenda kijijini na daftari lake, zitangazwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na ada ibandikwe ukutani ili kila mtu aisome.

Tena twauliza juu ya wake. Sheria hiyo hiyo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, na katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji imetaka wanawake wasiopungua watatu. Basi kwa nini shamba lililolimwa na wawili liandikwe jina la mmoja? Wakulima wa Sanje wasiione haya kudai majina mawili kabla ya mhuri kugongwa. Kudai leo ni rahisi kuliko kushitaki mbele ya kaburi.

Wananchi, mwenye hati na aende akaulize: jina langu limo daftarini, na mipaka yangu ni ile ile? Hilo si ombi kwa mkubwa yeyote. Daftari ni la kijiji, na anayelishika amelishika kwa amana.